Kamba Iliyofungwa Haisikii

Mtu ninayemwandika hapa hakuwa rafiki yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu banda lake lifungwe, kila mtu mtaani kwetu hapa Tabora amekuwa rafiki yake, na kila rafiki ana kisa. Mmoja anasema marehemu alikuwa baharia, ilhali mtu mwenyewe hajafa. Mwingine anasema alifungwa jela nchi za watu. Wa tatu, ambaye hajawahi kuvuka stesheni ya jirani ya Goweko, anaeleza mpaka rangi ya meli. Mimi nitaandika niliyoyaona, niliyoyasikia kwa masikio yangu, na machache aliyoniambia mwenyewe tukiwa wawili. Yaliyobaki nawaachia wenyewe.

Tulimwita Mkalimani. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya banda la video, ameshika kipaza sauti, na kutia Kiswahili kwenye filamu za kigeni huku picha zikiendelea. Banda lilikuwa la mabati, lina mabenchi yasiyo na migongo, na spika mbili: moja ndani kwa waliolipa, nyingine imetundikwa nje ukutani kuwaita ambao hawajalipa. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila sentensi, na ilifika mbali kuliko alivyojua. Kwa mchana mzima mtaa wetu uliishi ndani ya sauti hiyo. Watu walipatana bei ya nyanya, walifokea watoto, walizika na kuozesha, na nyuma ya yote hayo Mkalimani alikuwa akimwambia mtu wa mbali asalimishe silaha yake.

Mara ya kwanza niliingia bandani kulalamika. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa historia, nimekaa barazani kwangu na gazeti, nikasikia jambazi mmoja wa Kichina akisema kwa kinywa cha Mkalimani, "Nipe kisu yangu." Nilivumilia. Akairudia. Nikainuka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema aliponiona mlangoni, bila kuzima kipaza sauti, hivyo salamu ile ikasikika mtaa mzima.

"Marahaba. Ni kisu changu."

"Mwalimu, huyu jambazi hakusoma. Akisema 'kisu changu', watu watadhani ni afisa elimu."

Banda zima lilicheka, na salamu ile ikageuka sehemu ya filamu. Nilirudi kwangu. Lakini siku iliyofuata jambazi mwingine, katika filamu nyingine, alisema "kisu changu" kwa sauti ya juu kupita kiasi, na nikajua kwamba nimeombwa radhi.

Alikuwa na desturi ambazo sikuzielewa kwa muda mrefu. Hakupeana mkono na mtu. Ukimnyooshea wako, alikupa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyekatizwa kula, nacho kiganja chake cha kulia amekikunja. Kipaza sauti alikishika kwa kushoto. Chakula alikula peke yake, amegeukia ukuta, kwa kijiko, hata kama ni ugali. Mtaani walisema aliunguzwa na tindikali ya betri. Sikumwona akiungua, kwa hiyo sikulisema.

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilipoingia, mara nyingi alikuwa stesheni, ingawa hakuwa na mgeni. Alimchagua abiria mmoja, mwanamke mwenye mizigo au kijana mwenye usingizi machoni, akamsogelea kwa adabu na kumuuliza, "Bahari haijambo?"

Wengi walidhani wamesikia vibaya. Siku moja nilikuwapo nikimpokea binti yangu, nikamwona akimuuliza mzee mmoja, na yule mzee akafikiri kidogo, akajibu, "Ipo."

"Ipo," Mkalimani alirudia, akaondoka ameridhika, kama aliyeletewa salamu na ndugu.

Lakini mtu huyu aliyeiulizia bahari hali yake hakusogelea maji. Vijana walikwenda bwawa la Igombe siku za joto. Yeye hakwenda hata kuangalia. Mvua ikinyesha alisimama katikati ya banda, mbali na kuta zote, mpaka ikatike.

Nilimshauri mara moja awe anaitazama filamu kwanza, aandike tafsiri yake, kisha aisome, ili apunguze makosa. Alitikisa kichwa.

"Kamba iliyofungwa haisikii, Mwalimu."

"Kamba gani?"

"Ya mkononi inasikia. Ukiifunga kwenye boti, mtu anaivuta huko chini, boti haina habari." Kisha akaongeza kama anayefuta ubaoni, "Ni maneno ya kazi tu."

Niliyachukua kuwa maneno ya kazi tu. Aliyapenda. Aliyasema kwa fundi aliyetaka kulifunga kochi lake kwenye mkokoteni, na kwa bwana harusi aliyemuuliza siri ya ndoa.

Sasa niseme juu ya uaminifu wake, maana bila hilo kisa hiki hakina uzito. Mimi niliketi katika baraza la kata lililosikiliza kesi ya mfugaji mmoja wa Bukene na mfanyabiashara wa hapa mjini, wakigombania ng'ombe. Mfugaji alisema Kisukuma kitupu, na Mkalimani aliitwa kutafsiri. Mzee wa watu akakasirika, akatoa neno zito. Mwenyekiti, ambaye aliigusa maana yake kwa mbali, alimwinamia Mkalimani.

"Lipunguze kidogo."

"Nimesikia 'mwizi', nasema 'mwizi'," alijibu. "Mkitaka 'mtu asiye makini', mtafuteni mkalimani mwingine."

Kesi iliharibika mchana ule. Ilipotengenezeka baadaye, ilitengenezeka juu ya neno lile lile, kwa kuwa lilikuwa limesemwa na limesikika. Nilimheshimu tangu hapo. Ndiyo maana filamu ya bahari ilinichoma.

Kabla ya filamu hiyo lazima nimtaje jirani yake. Nyuma ya ukuta wa banda, pale ilipotundikwa spika ya nje, palikuwa na ua wa Mama Rama, mjane wa fundi seremala, mwanamke wa ukoo wa zamani wa mjini, anayefuata swala zake bila kupitwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ramadhani. Rama na Mkalimani walikua pamoja, walijifunza kupiga mbizi pamoja Igombe, na walipofikia utu uzima walipanda treni pamoja kwenda pwani kutafuta maisha, wakifuata kwa reli njia ambayo babu zetu waliifuata kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Huko walipata kazi ya kuzamia majongoo bahari, viumbe wa sakafu ya bahari ambao wageni huwanunua. Hawakuwa na mitungi ya hewa. Mmoja alishuka kwa pumzi yake na jiwe la kumzamisha. Mwingine alibaki botini ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mwenzake. Kisha wakapokezana.

Mkalimani alirudi peke yake. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mama Rama, vumbi la safari likiwa bado miguuni, akasema, "Mama, Rama alizamia."

Hapo ndipo penye kisa chote. Kwa watu wa kazi ile, kuzamia ni kushuka chini ya maji kufuata kitu. Kwa vijana wa miji yetu enzi hizo, kuzamia kulikuwa kujificha ndani ya meli ya mizigo na kutokea nchi za watu. Na kuzama, bila ile i, ni kufa maji. Mkalimani alikuwa amekusudia kusema: alizamia, na hakuibuka. Mama Rama alisikia habari ya meli. Aliinua mikono yote miwili akasema, "Alhamdulillahi, Mungu amfikishe salama," na majirani waliokuwapo wakaitikia amina. Nusu ya pili ya sentensi ilibaki kooni mwa yule kijana. Alidhani ataisema kesho. Alikaa nayo kooni mpaka akaota mvi.

Kwa hiyo Rama hakukaliwa matanga wala kusomewa khitma. Mtaa ulimpa maisha badala yake. Walisema yuko Ugiriki, halafu Afrika Kusini. Wakamwoza, wakamnunulia gari, wakamlaumu kwamba amemsahau mama yake. Kuna mwanamke aliyeapa kwamba shemeji yake alimwona kwa macho. Ndivyo uvumi ulivyo. Hauna haja ya ubaya wa mtu, unahitaji nafasi tu, na Mkalimani alikuwa ameacha nafasi.

Filamu ya bahari aliinunua kwa mchuuzi wa stesheni, katika rundo la santuri za video zilizokwaruzika. Ilikuwa hadithi ya marafiki wawili wa kisiwani wanaoshindana na kilindi kwa pumzi moja. Mmoja hushuka, mwenzake hushika kamba. Wanataniana, wanagombana, wanaipenda bahari kama watu wanavyompenda mzazi mkali. Maneno yake ni machache. Mkalimani aliionyesha mara nyingi, hata ilipokuwa haileti watu, na aliitafsiri kwa Kiswahili ambacho hakukitumia kwingine, kisicho na kisu yangu hata kimoja. Vijana wa Tabora ambao hawajawahi kuona maji makubwa kuliko bwawa walijua kupitia kwake mkondo ni nini na kilindi ni nini.

Kila mzamiaji wa filamu aliposhuka, Mkalimani alinyamaza. Nilimtazama. Hakuwa akipumzika, alikuwa amebana pumzi, shingo imemsimama. Spika zote mbili zilikuwa kimya. Yule wa kwenye picha alipotoa kichwa juu ya maji, ndipo Mkalimani naye alipovuta hewa, na pumzi ile ikasikika mtaa mzima.

Mwisho wa filamu, mshika kamba anavuta kamba na inakuja nyepesi. Hakuna mtu. Anakwenda pwani na kumwambia mama wa rafiki yake neno fupi, kwamba mwanawe amekufa. Nakijua Kiingereza, neno lile halina maana ya pili. Mkalimani alisema, "Ameibukia upande wa pili wa kisiwa. Anakuja kwa miguu."

Kijana mmoja wa benchi la mbele aligeuka. "Mkalimani, una macho kweli? Kamba tupu hiyo."

"Umelipia kuona, hukulipia kusema. Kaa chini."

"Sasa kaibukia wapi? Igombe?"

"Bukene!" mwingine alidakia. "Amepanda treni ya Mwanza."

Walicheka, kwa sababu picha ilikuwa mbele yao na mama wa kwenye picha alikuwa ameanguka mchangani. Walidhani ni utani wake. Nilitoka nje, nikausikia mtaa umetulia, na juu ya ukuta nikaiona ile spika, imeelekea uani kwa Mama Rama. Yeye hakuwa na picha. Umri wake na heshima yake havikumruhusu kuingia bandani. Aliijua filamu ile kwa masikio tu, na katika masikio yake yule rafiki aliibuka kila mara. Nikaelewa kwamba waliokuwa ndani hawakuwa watazamaji wake. Filamu ilitafsiriwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Sikusema neno wakati ule. Nilichokuwa nacho kilikuwa dhana, na dhana si ushahidi.

Mwaka jana Mama Rama alianza kudhoofika miguu. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta wa banda.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa maneno," alisema. "Kuzamia ni kwenda au ni kufa?"

Nilimuuliza kwa nini anauliza sasa.

"Kila swala namwombea. Zamani nilimwombea arudi. Siku hizi ulimi unasita. Sijui nimwombee arudi au nimwombee alale pema. Naona aibu mbele ya Mungu, kama mtu anayebisha hodi na hajui amemfuata nani."

"Mama Rama, mimi sikuwapo. Aliyekuwapo yupo. Muulize yeye."

"Nimemwuliza kwa miaka. Ananitafsiria filamu."

Nilijua basi kwamba dhana yangu haikuwa yangu peke yangu. Nilizunguka ukuta nikaingia bandani. Hapakuwa na watu. Vijana siku hizi wana filamu zao mfukoni, ndani ya simu, na mabenchi yalikuwa na vumbi. Mkalimani alikuwa akiiosha santuri ile kwa sabuni, kwa mkono wa kushoto.

Nilimweleza alichoniambia Mama Rama. Aliketi. Ndipo akaniambia habari ya sentensi iliyokatika, kama nilivyoiandika hapo juu, polepole, akiangalia sakafu.

"Mwambie wewe, Mwalimu," alimalizia. "Wewe unaaminika."

"Ninaaminika kwa sababu sisemi nisichokiona."

"Nitaanzaje? Lile neno lilikuwa fupi siku ile. Kila siku limezidi kurefuka."

Babu yangu alibeba mizigo katika njia ile akiwa kijana, siku za mwisho za misafara. Aliniambia, mimi nikiwa nimekaa miguuni pake, kwamba mpagazi akifa njiani mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, shanga kwa huyu, nguo kwa yule. Lakini habari ya kifo haikugawanywa. Aliibeba mmoja, yule aliyelala naye kando ya moto mmoja, mpaka mlangoni kwa mama wa marehemu, na hakuruhusiwa kula kwake mwenyewe kabla hajaitua. Nilimwambia Mkalimani hayo. Sikumwambia kwa upole. Sina upole mwingi.

Aliipangusa santuri ile. Kisha akasema, "Kesho alasiri nitaonyesha ya bahari. Tafadhali kaa naye."

Nilikaa naye. Mama Rama alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Filamu ilianza, na ndani walisikika watu wachache. Aliijua yote. "Sasa wanagombana," aliniambia. "Sasa wamepatana." Baadaye, "Sasa anashika jiwe." Spika ilinyamaza. Vidole vyake vilisimama juu ya mchele. Kuku alipita uani, mahali fulani mtu alikuwa akigonga bati, na kimya kile kiliendelea kupita pale nilipozoea kukisikia kikikatika.

"Amechelewa kuibuka," Mama Rama alisema.

Ndipo sauti ikaja, haina mkwaruzo wala mbwembwe.

"Amezama."

Mmoja wa waliokuwa ndani alicheka. "Leo ndiyo umefungua macho, Mkalimani."

"Mama," spika ikasema, "amezama. Nilishika kamba mimi. Amezama."

Picha lazima iliendelea, lakini hapakuwa na Kiswahili tena. Mama Rama alinigeukia.

"Mwalimu, kasema amezamia au amezama?"

Hili nililisikia kwa masikio yangu, na niliweza kulitolea ushahidi. "Amesema amezama."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akautazama ungo. "Basi mchele huu hautoshi."

Khitma ya Rama ilisomwa juma hilo, banda likiwa limekwisha kufungwa. Ua ulijaa watu, wakiwamo wale waliomwoza na kumnunulia gari, na wote walisema kwamba wao walikuwa wanajua tangu zamani. Dua ilipokwisha na masinia yakaanza kutoka jikoni, Mkalimani aliingia kwa mlango wa uani. Alisimama karibu na ukuta kwa upande huu ambao alikuwa ameusemesha miaka yote bila kuuona. Mama Rama alimwita akae mkekani mbele yake.

"Lete mkono."

Alitoa kifundo, kama desturi yake. Mama Rama hakukishika. Alingoja. Mkalimani akageuza mkono, naye akamfungua vidole kimoja kimoja, kama mtu afunguaye fundo la kitambaa. Nilikuwa karibu nikaona. Kovu lilipita kiganja chote, kutoka upande hadi upande, limezama, jeupe na laini, na vidole viwili vimejikunja kwa sababu yake.

Mama Rama alilipapasa kwa kidole gumba. "Mkondo?"

"Mkondo, Mama. Ulimchukua akiwa chini."

"Basi hukuiachia."

Wengi wetu tulikuwa tunasikiliza. Lilikuwa jibu jepesi kupita yote. Lilikuwa limekwisha kuwekwa mdomoni mwake, na angeweza kuliitikia tu. Nilikumbuka baraza la kata.

"Niliiachia, Mama," alisema. "Ilipofika mfupani, niliiachia."

Mama Rama aliendelea kuushika mkono ule kwa muda, akiuangalia. Kisha akaurudisha juu ya goti la mwenyewe, kwa uangalifu, kama mtu arudishavyo chombo cha jirani kikiwa kitupu, na akawageukia wanawake wa jikoni.

"Mpeni maji anawe," alisema. "Huyu ametoka mbali."

Walimmiminia maji. Alisogea kwenye sinia letu, nami nikampisha nafasi. Hapakuwa na kijiko, na hakukiulizia. Aliupeleka mkono wa kulia ukiwa wazi mbele ya watu wote, akajaribu kufinyanga tonge. Vidole vile viwili vilikataa, na wali ukawa unamdondoka mkekani. Alikula hivyo hivyo mpaka sinia likaisha, wala hakuna aliyecheka.